Ufukara kama Utanzu: Simulizi ya Mwombaji wa Elimu ya Juu, Kakuma na Lodwar

Mhakiki wa fasihi hana mamlaka ya kuamua fedha za vyuo vikuu zigawanywe vipi. Hata hivyo, tangu Mei 2023, serikali ya Kenya ilipotangaza mfumo mpya wa kugharimia elimu ya juu, kumezuka matini ambayo hana budi kuyasoma. Awali ruzuku ilikwenda chuoni kwa kufuata kozi. Katika mfumo huu humfuata mwanafunzi kwa kadiri ya uhitaji wake, na uhitaji huo sharti aueleze mwenyewe katika fomu. Je, ni haki kumtaka kijana asimulie ufukara wake ndipo asome?

Kakuma inaujua utanzu huu kitambo. Tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, mkimbizi ameishi kwa kusimulia: ili atambuliwe kisheria, ili ahamishiwe ughaibuni, ili apate ufadhili wa masomo. Mtambaji wa ngano huiona hadhira yake, naye hurefusha au hufupisha kwa kuitazama. Huyu wa Kakuma hutambia hadhira yenye uwezo wa kutoa na kunyima, ambayo aghalabu haioni. Hujifunza upesi ni kipande kipi kinachosikilizwa, akakikariri hata kikameza vingine. Sisemi kwamba anadanganya. Hata asemapo kweli tupu, kweli hiyo imekwisha kuchujwa na aulizaye.

Takriban kilomita 120 kutoka hapo, mjini Lodwar, kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichoanzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Chuo kiliwasogelea watoto wa wafugaji. Fomu nayo ikawatia katika utanzu wa jirani zao wakimbizi. Fomu huuliza hali ya kaya. Kaya ipi? P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1955 kuhusu Wajie na Waturkana, alionyesha jinsi mifugo inavyopeanwa baina ya ndugu, wakwe na marafiki, hivi kwamba mali ya mtu ni pamoja na haki yake ya kuomba kwa wenzake. Haki hiyo huandikwa katika mstari upi? Tena mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Mwenye kundi akabaki mikono mitupu. Fomu haijui njeo ila iliyopo.

Mtetezi wa mfumo atauliza: bila kumhoji mwombaji, aliye fukara zaidi atajulikanaje? Hoja hii ni nzito, kwani kumpa mwana wa tajiri sawa na mwana wa mchungaji si haki. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo kuwa kinyume cha katiba, ubaguzi ukiwa miongoni mwa sababu, nayo serikali ikakata rufaa. Lakini mzozo wa kisheria haugusi umbo la simulizi yenyewe. Vladimir Propp, akichambua ngano za Kirusi, aliuona upungufu kuwa tukio la mwanzo linalomtoa shujaa nyumbani; baada yake huja safari, majaribu na msaidizi. Mwombaji wa Lodwar hutakiwa autaje upungufu, kisha fomu hufungwa. Alikotaka kwenda, na kwa nini, hakuulizwa.