Shahada na Ushahidi

Vitu viwili vikiuzwa pamoja kwa muda mrefu, mnunuzi husahau kuwa ni viwili. Ndivyo ilivyokuwa katika vyuo vikuu vya binafsi. Mwanafunzi alilipa karo, akapokea elimu na shahada kwa mkono mmoja, wala hakuulizwa ni kipi hasa alichokinunua. Sasa tarakilishi na intaneti zimevitenga vitu hivyo, na swali halikwepeki tena.

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford, chuo cha binafsi cha Marekani chenye karo kubwa, kilifungulia walimwengu somo moja la akili bandia bila malipo. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha. Zaidi ya 20,000 walifika mwisho. Waliwasikiliza walimu wale wale wa chuo, wakafanya mitihani, wakapewa barua ya walimu. Lakini kazi yao haikuhesabiwa katika shahada yoyote ya Stanford. Mlango wa elimu ulikuwa wazi, mlango wa muhuri ulikuwa na komeo.

Je, huo ulikuwa uonevu? Mwepesi wa hasira atasema ndiyo: mwenye kujua amenyimwa haki kwa umaskini wake. Lakini shahada, kama jina lake linavyosema, ni ushahidi. Na shahidi mwema husema aliyoyaona. Mwalimu aliyemwona mwanafunzi akibisha, akikosea na kujirudi, ana la kushuhudia. Aliyeona jina tu katika orodha ya maelfu hana.

Hoja hii huwakinga wenye vyuo, na papo hapo huwahukumu. Chuo kinachotuma mihadhara iliyorekodiwa zamani, kikatoza karo kamili, na mwalimu asiijue hata sauti ya mwanafunzi wake, kinatoa ushahidi wa jambo kisiloliona. Hicho kinauza muhuri mtupu. Na maskini aliyejifunza peke yake usiku anastahili kupimwa kwa gharama ya kipimo, si kwa gharama ya majengo ambayo hakuyakalia.

Katika somo lile, zaidi ya laki moja walianguka njiani. Nani angaliweza kuwauliza mmoja mmoja wamepatwa na nini? Chombo kiliweza kuwafundisha wote. Kuwakosa na kuwatafuta ni kazi ya mtu. Karo ya haki ni ile inayomlipa mtu huyo.