Hesabu ya Kutajwa na Uadilifu wa Mtajwa

Katika zama zetu mwanazuoni hupimwa kwa hesabu: maandiko yake yametajwa na wenziwe mara ngapi, na ni majina mangapi yamewekwa pamoja na lake chini ya anwani ya makala. Mizani hii ilianza kupata umbo mwaka 1964, Eugene Garfield wa Philadelphia alipotoa faharasa yake kubwa ya marejeo ya sayansi. Na mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaongeza kanuni ambayo kwayo mtu mwenye makala kumi, kila moja ikiwa imetajwa mara kumi au zaidi, hupewa kumi. Ni hesabu nyepesi, wala si ya uongo. Ninalouliza ni kama inaweza kutuambia lolote juu ya dhamana aliyobeba mtajwa.

Elimu ya uchumi wa mikoa, inayochungua kwa nini miji, masoko na viwanda hukaa pale vilipo, ina kisa kinacholitia swali hili uzito. Mwaka 1933 Mjerumani Walter Christaller alichapisha tasnifu yake juu ya miji ya kusini mwa nchi yake, akidai kwamba lau ardhi ingekuwa tambarare na watu wametapakaa sawasawa, vituo vya biashara vingejipanga kwa ngazi, kila kimoja kikizungukwa na eneo lake lenye pande sita. August Lösch, aliyezaliwa miaka kumi na mitatu baada yake, akalichukua wazo hilo, akalikosoa, kisha akalijenga upya juu ya misingi ya kiuchumi katika kitabu kilichotoka mwaka 1940. Tangu hapo majina hayo mawili hayakuachana, na aghalabu mwandishi wa somo hili akimtaja mmoja humtaja na wa pili.

Maisha yao, lakini, yaliachana sana. Mwaka uleule wa 1940 Christaller alijiunga na chama cha Hitler, akaingia katika idara ya mipango iliyoongozwa na Konrad Meyer chini ya Himmler, na nadharia yake ikatumiwa kupanga makazi mapya ya Wajerumani katika nchi ya Wapolandi, ambao wakati huo walikuwa wakifukuzwa majumbani mwao na kuuawa. Lösch alikataa kuusujudia utawala ule, na kwa kukataa kwake akaukosa uprofesa, akabaki na utafiti wake katika taasisi ya Kiel hadi maradhi yalipomchukua mwezi Mei 1945, wiki chache tu baada ya Ujerumani kusalimu amri, naye hajatimiza miaka thelathini na tisa.

Maulamaa wa hadithi za Mtume hawakutosheka kujua kwamba habari imepokewa na wengi. Waliufuata mlolongo wa wapokezi mmoja mmoja, wakauliza juu ya kila rawi mambo mawili: hifadhi yake na uadilifu wake, na aliyejulikana kwa uongo habari yake iliachwa, hata kama ilikuwa tamu masikioni. Je, kwa kipimo hicho Christaller afutwe? Sioni hivyo. Habari ya jambo lililopita haina shahidi ila aliyeipokea, ndiyo maana rawi huchunguzwa mpaka ndani ya nafsi yake. Bali anayeshuku pande sita za Christaller anaweza kuchukua ramani akapima mwenyewe, asihitaji kumwamini mtu.

Hata hivyo kinga hiyo ina mpaka wake. Maadamu nadharia ilieleza miji ilipo, tabia ya mwenye nadharia ilikuwa siri yake na Mola wake. Ilipoanza kuamuru miji iwe wapi, na kwa hiyo nani ahamishwe ili ipatikane nafasi, uadilifu wake ukawa ndio shina la jambo zima, kwa kuwa hakuna ramani iliyoweza kumsahihisha. Huko Poland rawi alipaswa kuulizwa, na waliokuwa na mamlaka ya kumuuliza ndio waliomwajiri.

Hesabu ya ushirikiano nayo haituokoi. Huorodhesha waliotia majina yao pamoja, na idara ya Meyer haimo katika orodha hiyo. Wala hailioni deni la Lösch kwa Christaller, ingawa sijui ushirika wa kielimu uliozidi ule wa mtu kulichukua wazo la mwenziwe kwa dhati kiasi cha kulibomoa na kulijenga tena.

Kitabu cha Lösch kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1954, na cha Christaller mwaka 1966, na vyote viwili vingali vinasomeshwa. Kwa maoni yangu mwalimu anayechora ubaoni zile pande sita anawajibika kuitaja Poland katika somo lilelile, asiwaachie wanahistoria. Na akiandika hayo kwa lawama kali kadiri apendavyo, faharasa itamwongezea Christaller moja, sawasawa na itakavyomwongezea Lösch.