JE, SIRI ZA DINI ZAUZWA?

Ametuuliza ndugu yetu mmoja aishie Kebirigo, huko Nyamira, ya kuwa amejiwa na mtu ajiitaye mwalimu, adaiye kuwa anayo ilimu ya siri katika Majina ya Mwenyezi Mungu, ifunguayo riziki na kuondosha husuda. Bei yake yakaribia bonasi ya chai ya mwaka mzima, nayo itumwe kwa simu kabla ya somo la kwanza. Je, ilimu hiyo yastahiki fedha hizo?

Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu:

Si kila malipo katika mambo ya dini ni haramu. Madhehebu yetu ya Shafi yajuzisha mwalimu kupokea ujira kwa kufundisha Kurani, kwani atoa wakati wake na taabu yake. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kuwa masahaba safarini walimsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge, kwa sharti ya kupewa kondoo, akapona, wakapewa, na Mtume (s.a.w.) akaridhia. Basi asemaye kuwa mwalimu ale hewa, hakuijua dini wala hakuijua njaa.

Lakini tuangalie vizuri. Fatiha haikuwa siri ya mtu. Kila Muislamu huisoma katika sala zake. Na kondoo walitolewa baada ya mgonjwa kuinuka, si kabla.

Huyu wa Kebirigo auza nini? Katika sheria ya biashara, kinachouzwa sharti kijulikane, na muuzaji awe na uwezo wa kukikabidhi. Mkulima wa chai aijua kanuni hii hata kama hakusoma fikihi: majani yake hupimwa kituoni mbele ya macho yake, na kilo zikaandikwa. Siri yapimwa kwa mizani gani? Na riziki imo mkononi mwa nani hata aikabidhi? Kuuza usichokimiliki kwa mtu asiyejua anunuacho ni kula mali ya watu kwa batili. Tena Mtume (s.a.w.) amekataza ujira wa kahini, na adaiye kufungua mambo ya ghaibu amefanana naye, ajapovaa kanzu na kilemba.

Yuko atakayesema: kitu cha bure hakithaminiwi, na bei kubwa humtia mtu bidii. Jawabu yake imo katika Sura ya Shuaraa, ambamo Nuhu, Hudi, Salihi, Luti na Shuaibu, kila mmoja awaambia watu wake kuwa hawaombi ujira. Lau bei ndiyo iletayo uongofu, Mitume wangalikuwa wa kwanza kuitaja.

Wala udogo wa bei si dalili ya ukweli. Mwaka 2011 maelfu ya watu, na Wakenya wamo, walikwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500 za Tanzania. Kikombe kilikuwa rahisi, nauli ikawa ghali. Na wako wagonjwa walioacha dawa za hospitali. Na dini ya Mumbo, iliyoanzishwa na Onyango Dunde huko Alego mwaka 1913 ikaenea hata Kisii, iliwaambia wafuasi wachinje mifugo yao wala wasilime, kwani neema itatoka ziwani. Neema haikutoka. Basi gharama haimo katika bei tu. Imo pia katika yale mtu ayaachayo kwa kuamini.

Nasi watu wa pwani tusimcheke ndugu yetu. Katika miji yetu yuko mtu atoaye maelfu kwa azima na kombe, na huku mwalimu wa chuo, amfundishaye mwanawe tangu alifu kwa ujiti hata akahitimu, amdai ada ya miezi. Twamlipa afichaye, twamnyima afundishaye. Muuza siri amepata soko kwa sababu mwenye ilimu ya wazi hatukumtunza.

Shauri letu ni hili: asilipe. Amwambie mtu huyo, "Njoo msikitini ufundishe mbele ya watu wote, nasi tutakulipa ujira wa siku zako." Akikubali, ni mwalimu, na apewe haki yake kabla jasho lake halijakauka. Akikataa, amekwisha kulijibu suala hili yeye mwenyewe.

Wabillahi tawfiki.