Tujifunze Kwanza Kusimama



Katika mji wa San Francisco, nchi ya Marekani, iko bustani kubwa yenye msitu, iitwayo Golden Gate Park. Zamani palikuwa vilima vya mchanga. Watu wakapanda miti. Tangu mwaka 1967 sehemu ya barabara yake kuu ilifungwa kila Jumapili, magari yasipite. Na mwaka 2022 wenyeji wakathibitisha kwa kura ifungwe siku zote.

Humo watu huteleza kwa viatu vyenye magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja. Mbio zao zapendeza. Lakini barabara ni ya wote: mzee mwenye mkongojo, mama na mtoto wake, mpanda baisikeli. Magari yameondolewa, je, mwenye mbio awe gari jipya juu ya mnyonge?

Kwa hiyo mwenye busara hujifunza kusimama kabla ya kushuka mteremko. Nyuma ya kiatu kimoja mna breki ya mpira. Hukunja magoti, hutanguliza mguu ule, huinua vidole, na breki yasugua lami. Asiyejua hayo husimamishwa na mti, au na mwili wa mwenzake.

Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho ya kuwa mshindanaji hujizuia katika yote. Nasi tumepewa uhuru, njia i wazi. Je, twajua kusimama kwa ajili yake aendaye polepole? Uhuru usio na breki humwangusha jirani kwanza, kisha mwenyewe.

Bwana atujalie miguu myepesi, na moyo ujuao kusimama. Amina.