KHUTBA YA IJUMAA: MTOTO AKIRUDISHWA, NANI ATAMPOKEA?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu waumini wa Kindu, ninaiusia nafsi yangu na ninawausia ninyi kumcha Allah.

Leo tusemezane juu ya mtoto anayekamatwa. Ameiba simu sokoni. Watu wanamkimbiza, wanampiga, wakichoka wanampeleka polisi. Akilazwa kasho moja na wezi wakubwa, atatoka na elimu, lakini elimu gani?

Serikali imeweka sheria. Zamani ilikuwa amri ya Wabelgiji ya tarehe 6 Desemba 1950. Tarehe 10 Januari 2009 ikatoka sheria namba 09/001 ya kulinda mtoto. Inasema mtoto ni yule asiyetimiza miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 hahukumiwi kwa kosa, hakimu humwachilia. Aliyetimiza 14 lakini hajafika 18 ana hakimu wake, katika Tribinali ya Watoto. Hakimu huyo anaweza kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi, au kumkabidhi kwa watu wenye mwenendo mwema. Kwa makosa yasiyo mazito, upatanisho unaruhusiwa.

Tusione ni jambo geni. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mtoto haandikiwi dhambi mpaka abalehe. Na kijana alipomjia kuomba ruhusa ya kuzini, watu walimkemea, lakini Mtume alimsogeza karibu, akamuuliza kama angelipenda hayo kwa mama yake na dada yake. Kisha akamwekea mkono, akamwombea dua. Kijana akaachana na jambo lile.

Mtu atauliza: na aliyeibiwa je? Haki yake haipotei. Kitu kirudishwe, familia imwendee, imtake radhi na kumlipa.

Lakini hapa ndipo penye shida, ndugu zangu. Hakimu anasema: rudi kwa wazazi. Mtoto anafika mlangoni, baba anasema huyu si wangu tena. Mwingine anaitwa mchawi, ingawa Katiba ya 2006, ibara ya 41, imekataza kumsingizia mtoto uchawi. Basi anarudi sokoni, anakuwa shege. Sheria imemfikisha mlangoni. Kufungua mlango ni kazi yetu.

Kwa hiyo ninawaomba mambo matatu. Kwanza, ukiona mtoto anapigwa, zuia mikono, waite wazazi wake, na mwombe polisi asimchanganye na watu wazima. Pili, mzazi, mwanao akifungwa, mwendee. Usione haya, Allah atakuuliza juu ya amana yake. Tatu, walimu wa madrasa, mpokeeni akirudi, wala msimwite mwizi mbele ya wenzake. Na wewe fundi cherehani, seremala, fundi wa pikipiki, chukua kijana mmoja umfundishe kazi. Mkono wenye kazi hauna nafasi ya kuingia mfuko wa mtu.

Ee Allah, tuongozee watoto wetu, warudishe waliopotea, na ulainishe mioyo ya wazazi wao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.