Deni la Msomaji
Vitabu vya mambo ya kweli vilivyotoka katika karne hii ni vingi, na vingi hufunza. Vichache humdai msomaji. Kimoja ni kile alichokitoa Rebecca Skloot mwaka 2010 juu ya Henrietta Lacks, mwanamke mweusi wa Marekani aliyefariki kwa saratani mwaka 1951. Seli zake zilitwaliwa hospitalini Baltimore bila ridhaa yake, zikasaidia kupima chanjo ya polio, na jamaa zake hawakujua kwa miaka 20 na zaidi. Humo mna elimu ya viumbe, sheria, na msiba wa nyumba moja. Aliyechanjwa hakuiba kitu. Je, hana deni? Mwepesi wa kujibu husema hana. Na asome tena mahali wana wa marehemu, wakikosa ada ya daktari, wanapouliza faida ya mama yao imekwenda kwa nani. Mwaka 2023 kampuni moja iliyouza seli hizo ilipatana na warithi kwa masharti ya siri; waliochanjwa hawakushtakiwa na mtu.