Dola na Kaumu: Khutuba kwa Waislamu wa Kihurio

  

Enyi ndugu zangu wa Kihurio, nanyi wa pwani mtakaoisoma karatasi hii: tangu Oktoba 2023 hapana baraza baada ya sala ya Ijumaa isiyotaja Gaza. Na kuitaja ni haki. Maelfu ya watoto wameuawa kwa mabomu ya dola ya Israili. Mwenye kuilaumu dola kwa tendo lake hakumtukana Yahudi, wala asikubali kufumbwa kinywa kwa kuambiwa kuwa amemtukana. Lakini twasikia neno likigeuka katikati ya mazungumzo: mtu huanza na waziri na jeshi, akamaliza kwa kusema kwamba Mayahudi ndivyo walivyoumbwa. Hapo amekwisha uvuka mpaka.

Tazameni Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin, Mwislamu mwenzetu, aliwafukuza Waisraili katika nchi yake. Lau angalikoma hapo, ungalikuwa ugomvi wa serikali mbili; Tanzania nayo ilivunja uhusiano na Israili mwaka 1973, na haikuhitaji kumchukia mtu kwa nasaba yake. Amin hakukoma. Septemba ya mwaka ule ule alimpelekea Kurt Waldheim, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya maandishi ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Mayahudi. Kisha zamu ikawafikia Abayudaya wa Mbale, wakulima Waafrika ambao Semei Kakungulu aliwaongoza katika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Hawakuwa na askari, wala hawakumnyang'anya Mpalestina hata shubiri moja ya ardhi. Ibada yao ikakatazwa, nyumba zao za sala zikafungwa, wengi wakaiacha dini yao kwa khofu. (Waliobaki wapo hata leo.) Dola iliyolaumiwa ilikuwa mbali, aliyeadhibiwa ni mkulima wa jirani.

Mwenye kudhani kwamba dini yamruhusu hayo, na aisome Suratu Nnisaa kuanzia aya ya 105, kisha aulize sababu ya kushuka kwake. Wafasiri wamehadithia kwamba deraya iliibwa Madina. Mwizi, aliyekuwa akijiita Mwislamu, akamsingizia Yahudi, na jamaa zake wakaenda kwa Mtume kumtetea mtu wao. Wahyi ukashuka kumtakasa yule Yahudi. Na Madina ile palikuwa na uadui na baadhi ya makabila ya Kiyahudi! Uadui ule haukumfanya mtu mmoja kuwa mwizi wa kitu asichokiiba.

Wala sisi watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Januari 1964, kule Unguja, hoja ilikuwa juu ya serikali iliyokuwa chini ya Sultani. Serikali ilianguka kwa siku moja. Lakini panga hazikurudi alani. Ziliwatafuta Waarabu majumbani na mashambani, maskini wao na matajiri wao, wake kwa watoto, wala hakuna aliyewauliza kama walipata kutia mkono katika hukumu yoyote ya serikali ile.